Shangazi Hakutaka Kutembezwa

Watu wanaoingia kasrini bila mwongozaji hunikera. Nasema wazi, na mkata tiketi anajua, ndiyo maana kila akimuuzia mtu tiketi ya kutembea mwenyewe hunitazama na kucheka. Watu hao hupita vyumba ishirini na viwili kwa nusu saa, husoma vibao nusunusu, hupiga picha mbele ya kiti cha enzi, kisha hao, wanatoka wakisema pazuri. Ukiwauliza wameona nini, watakwambia ngazi. Nimetembeza wageni humu miaka kumi na tisa, na siku zote nimeamini kwamba nyumba isiyosimuliwa ni kuta tu.

Basi fikiria nilivyojisikia asubuhi ile Shangazi alipofika dirishani, akalipa kama mgeni mwingine yeyote, akaomba tiketi ya kutembea mwenyewe.

"Shangazi, hebu nisubiri kidogo," nilimwambia. "Nina kundi moja tu. Nikilimaliza nitakutembeza chumba kwa chumba."

"Unitembeze wapi, baba? Humu? Nimepiga pasi humu miaka kumi na mmoja, wewe hata kufunga kamba za viatu hujui."

"Lakini vitu vimehamishwa sana."

"Nitaviona huko vilikohamia. Zamani nilikuwa naambiwa pa kukanyaga na pa kutokanyaga. Ile ngazi ya mbele sikuipanda hata siku moja, sisi tulikuwa tunazungukia nyuma na vikapu vyetu. Magoti haya yamebakiza ngazi moja tu ya maana, na nataka iwe ile. Nitaipanda polepole, bila mtu wa kunitangulia. Nenda kwenye kazi yako."

Mkata tiketi alicheka mpaka akaangusha kalamu. "Leo umepatikana," akaniambia.

Nilicheka pamoja naye, lakini hofu ilikuwa imenishika. Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alitangulia kufariki, na Baba, kaka yake Shangazi, alipomfuata, Shangazi aliacha kazi ya udobi hapa kasrini akaja kukaa na mimi. Nilikuwa na miaka minne. Ni mtu ambaye akikuta kifungo kwenye mfuko wa nguo ya kufua, hukifunga kwenye kitambaa na kumpelekea mwenyewe. Na kule chini, katika chumba alichofanyia kazi, waongozaji watano tulikuwa tukiwaambia wageni kila siku kwamba dobi wa mwisho wa kasri alikuwa mwizi. Uongo huo niliutunga mimi.

Ulianza siku ya mvua, miaka sita iliyopita. Chumba cha dobi ni kibaya kwa kazi yetu: kuna beseni la mawe, pasi mbili za mkaa na rafu tupu. Watu huanza kupiga miayo hapo hapo. Siku ile bibi mmoja alikaa kabisa juu ya beseni akauliza chai inapatikana wapi. Nikaona nitie chumvi. Nikasema dobi mmoja aliiba hereni ya dhahabu ya mke wa mtawala, akafukuzwa kupitia mlango wa nyuma na povu la sabuni likiwa bado mikononi. Bibi akasimama. Wengine wakasogea. Mtu mmoja akauliza alijulikanaje kwamba ni yeye, nami nikachukua jibu la karibu. Nikasema kidole chake kidogo cha kushoto kilikuwa kimepinda kwa kuungua na pasi, na alama yake ilionekana kwenye kopo la poda ambamo hereni ilikuwa imefichwa. Kidole hicho nakijua vizuri. Kimenifunga vifungo vya shati utoto wangu wote.

Sikumtaja mtu, ndivyo nilivyojituliza. Wenzangu wakaisikia hadithi, wakaipenda, wakaichukua. Shangazi hakuwa mtu wa kutoka nyumbani. Nilijua hatafika.

Kundi langu asubuhi hiyo lilikuwa la wafanyakazi wa bima waliokuja matembezi. Niliwakimbiza. Chumba cha kulia, maktaba, chumba cha silaha, kila mahali sentensi mbili na twende. Mama mmoja mnene alivua viatu akavishika mkononi. "Kaka, mbona unatupeleka mbio hivi? Tungejua tungekuja wenyewe," akasema. Nilistahili.

Kutoka roshani ya ghorofa ya pili nilimwona Shangazi. Alikuwa katikati ya ngazi ya mbele, mkono juu ya reli ya shaba, anapanda daraja moja, anapumzika, anatazama chini kama mwenye nyumba. Alikuwa anatabasamu. Nilitaka abaki hapo siku nzima.

Nilipoachana na watu wa bima na kurudi kumtafuta, hakuwepo. Nikashuka chini, na kabla sijafika mlango wa chumba cha dobi nikasikia sauti ya Kasuku. Jina hilo nilimpa mimi, kwa sababu nilipomfundisha kazi alirudia kila neno langu mpaka kikohozi. Ni mama wa watoto wawili, ana bidii kuliko sisi wote, na siku hiyo alikuwa na wageni kumi na wanane. Nyuma yao, karibu na rafu, alisimama Shangazi akiwa amekumbatia mkoba wake.

"Sasa mtauliza," Kasuku alikuwa akisema, "walimjuaje mwizi?"

Ningeweza kuita. Ningeweza kusema Kasuku amepigiwa simu, kuna moto, chochote. Nilibaki mlangoni nikijiambia labda masikio ya Shangazi yamechoka, labda hatasikia.

Kasuku alisimulia yote, poda na kidole. Kisha akafanya kile nilichomfundisha: akainua mkono wa kushoto, akakunja kidole kidogo, akawaambia wageni nao wakunje wapigwe picha ya pamoja. Watu wazima kumi na wanane walikunja vidole wakicheka. Shangazi alitazama mkono wake, akauingiza kwenye mfuko wa sweta.

"Mwanangu," alisema picha ilipokwisha, kwa sauti ya kawaida kabisa, "habari hiyo umeipata wapi?"

Kasuku akafurahi. Hatuulizwi mara nyingi. "Kwa mwalimu wangu, Bibi. Yule pale mlangoni. Hapa hakuna anayemfikia kwa hadithi."

Wote wakageuka. Mtu mmoja akanipigia makofi. Shangazi alinitazama, na nikajua kwamba ameshaelewa, kwa sababu hakuna mtu mwingine ambaye angeweza kuwapa kidole kile.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, nikasema, "Kuna kundi linalofuata, tafadhali tusogee ukumbini."

Wakasogea. Tukabaki wawili. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata mikono sikujua niiweke wapi.

"Ulikuwa na miaka sita uliponiuliza hiki kidole kimefanya nini," alisema. "Nikakwambia pasi iliniunguza. Ukakipuliza kipoe."

"Nisamehe, Shangazi. Mvua ilikuwa inanyesha, watu wamechoka, nilitia chumvi tu."

"Chumvi." Alipapasa ukingo wa beseni. "Ufunguo wa kabati la mke wa mtawala nilikaa nao mimi. Si mtumishi mwingine yeyote, mimi. Nilipoaga kuja kwako alilia, akaniomba nibaki. Hilo mbona huwaambii?"

"Sikulijua."

"Hukuniuliza."

Miaka kumi na tisa nimesoma kila karatasi iliyobaki humu, na nyumbani, ng'ambo ya meza ya chakula, sikuwahi kumuuliza swali moja la maana.

"Nitawakataza wote," nikasema. "Leo hii hii."

"Wakataze. Na walioshaondoka nayo, utawafuata makwao?"

 Nilimpa mkono wa kuegemea, akaupita, akashika ukuta na kutoka.

Jioni hiyo niliwaita waongozaji wote nikawaambia ukweli, na jina la dobi nikawatajia. Kasuku alilia. "Mwalimu, hata mama yangu nimemsimulia," alisema. "Hata wanangu."

Kesho yake nilikuwa na kundi la watu tisa. Katika chumba cha dobi niliwaeleza habari ya mwanamke aliyeaminiwa ufunguo wa kabati, akaacha kazi nzuri ili akamlee mtoto wa kaka yake. Nilieleza kwa moyo wangu wote. Msichana mmoja alipiga mwayo. Baba mmoja mwenye kofia, aliyekuja na mkewe, akainua mkono.

"Umeiruka ya dobi mwizi. Dada yangu alikuja hapa mwaka juzi, akarudi nayo nyumbani. Hatukulala kwa kucheka. Tumekuja kwa ajili yake."

"Dobi huyo ni shangazi yangu," nikasema. "Yuko hai. Hakuiba kitu. Uongo ule niliutunga mimi, na jana ameusikia kwa masikio yake."

 Kisha yule baba akamgeukia mkewe, uso umemjaa furaha.

"Si nilikwambia?" alisema. "Huyu mtu anajua kusimulia."