Senta ya Nani

Sanduku la bati lilikaa chini ya kitanda cha Karani miaka thelathini na minane, na katika miaka yote hiyo alilifungua mara nne: mara mbili kuua mende, mara moja kumtafuta paka, na mara moja kulia. Ya tano ilimfuata mwenyewe mlangoni, Jumatatu asubuhi, ikiletwa na binti mrefu mwenye faili kwapani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, ila kile kiti usikikalie, mguu wake mmoja ni wa kuazima."

Binti alikuwa katibu mpya wa chama cha netiboli. Mwenyewe aliwahi kuichezea timu ya taifa ya wanawake mpaka goti likamtoa. Akajikunja kwenye kigoda, akaeleza kilichomleta. Timu ilikuwa imejengewa ukumbi, wenye paa na sakafu ya mbao, na ukutani wanataka kuweka historia yote: kila mashindano ya nje, mwaka gani, tulicheza na nani, tulirudi na nini. Lakini kabati la ofisi liliingia maji ya mvua, na karatasi zote zikageuka uji.

"Kila ninayemuuliza ananiambia, nenda kwa Karani. Ati wewe unazo zote."

"Ninazo," Karani alisema.

Mtaa mzima ulimwita Karani, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Ukarani wa mshahara aliufanya stoo ya hospitali, kuhesabu mashuka na mabakuli. Ukarani wa mapenzi aliufanya kwenye meza ya netiboli, miaka kumi na tisa, akiandika kila goli na kila senta ya timu ya taifa. Asiyeujua mchezo huu ajue jambo moja tu, litamtosha. Goli likiingia, mpira unarudi katikati ya uwanja, na timu zinaanza kwa zamu: moja kwetu, moja kwao, moja kwetu, moja kwao, awe amefunga nani. Huko kuanza ndiko kunaitwa senta. Mwamuzi akichanganyikiwa zamu, anaigeukia meza na kuuliza, "Senta ya nani?" Karani anatazama karatasi yake na kujibu neno moja. Yetu, au yao.

Upande wa pili wa chumba, karibu na dirisha, mashine ya kushonea ilikuwa inalia. Aliyeikalia alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, anapinda sketi za shule. Wajane wawili, paa moja, sufuria moja, na walikuwa wakiitana wifi tangu wote wawili wana viuno. Wifi ndiye aliyekuwa mfungaji wa timu ile. Lakini mtaani hawakumwita Mfungaji. Walimwita Kagusa.

Sanduku likavutwa. Karani akapiga magoti, na yakalia yote mawili kama mlango wa choo.

"Ya kwanza hii," alisema, akipuliza vumbi. "Safari yetu ya kwanza nje. Hatukuwa hata na vizibao vya herufi za nafasi uwanjani. Nilikata shuka la hospitali, wifi akashona. Kumbe mlinzi wa goli nimempa kipande chenye muhuri, mgongoni kimeandikwa WODI YA WAZAZI."

Katibu akacheka mpaka kigoda kikasogea. "Mkafungwa ngapi?"

"Sabini na moja kwa tisa. Wapinzani walitukwepa, walidhani mlinzi wetu atajifungua uwanjani. Na zile tisa alifunga wifi, zote."

"Nane," wifi alisema bila kuinua kichwa. "Moja walijifunga."

"Netiboli mtu hajifungi!"

"Wao walijifunga."

Wakaenda hivyo mwaka baada ya mwaka. Mwaka wa nafasi ya sita. Mwaka ambao viatu vilibaki uwanja wa ndege wakacheza peku, wakashinda. Mwaka wa medali ya shaba, ambayo nahodha aliing'ata kuona kama ni ya kweli akavunja jino. Katibu aliandika huku anajifuta machozi ya kicheko. Kisha akafungua faili lake.

"Sasa huu mwaka wa mchujo wa Kombe la Dunia. Nimeupata kwenye gazeti la zamani. Nimeandika hivi, nisikilizeni: 'Timu ilikosa Kombe la Dunia kwa goli moja, arobaini na mbili kwa arobaini na moja, baada ya mfungaji kukosa mpira wa mwisho.' Ndivyo, eh?"

Mashine ikanyamaza. Katibu, maskini, alikuwa mtoto wa juzi. Hakujua yuko chumba kimoja na nani.

"Ndivyo," wifi alisema. Akakata uzi kwa meno. "Mfungaji mwenyewe ni mimi. Ila herufi uziweke kubwa, mwanangu, macho yangu siku hizi hafifu, nisije nikazikosa na hizo."

Katibu akatamani kigoda kimmeze. "Mama, nisamehe, sikujua..."

"Usamehewe kwa lipi? Umekosa goli wewe?"

Mguu wake ukarudi kwenye mashine. Katibu akaomba karatasi ya mechi hiyo, ili ahakikishe magoli. Fundi angeanza Alhamisi, na hakuwa anapaka rangi: alikuwa anachonga kwenye mbao.

"Hiyo siioni," Karani alisema, ameikalia. "Nitaitafuta. Pita Jumatano."

Siku ile ya mchujo ilikuwa hivi. Zilibaki dakika mbili kasoro, arobaini kwa arobaini. Senta ikawa yao, lakini mlinzi wetu akaunyaka mpira hewani, ukaenda mbele, wifi akanyoosha mkono, ukaingia. Arobaini na moja! Na Karani, anayetakiwa mezani akae kama jiwe, akarusha kalamu na kupiga kigelegele kirefu kilichozunguka uwanja mzima. Alipoiokota kalamu, aliandika goli. Tiki ya senta ile ya kwao, hakupiga.

Mwamuzi akageuka. "Senta ya nani?"

Tiki ya mwisho kwenye karatasi ilikuwa yetu. "Yao," Karani akasema.

Mchezaji wetu wa kati aliruka juu akipiga kelele kwamba ni yetu, akaonywa. Karani wa wapinzani, mama mmoja wa miwani, alikuwa na karatasi iliyo sawa. Alimtazama Karani, akaitazama karatasi yake, kisha akaivua miwani na kuanza kuisafisha taratibu, kama mtu aliyeko likizo. Wapinzani wakapewa mpira wasioustahili, wakasawazisha. Kungekuwa na haki, mpira ungekuwa mikononi mwetu, tunauzungusha mpaka kipenga. Badala yake, mbio zikaanza upya, wifi akarusha kwa haraka, mpira ukakaa juu ya pete kana kwamba unafikiria, ukadondokea nje. Wale wakauokota, wakakimbia nao, wakafunga. Nyumbani, mtangazaji wa redio alikuwa anapasuka koo: "Kagusa pete! Kagusa pete! Umetoka!"

Alipotoka uwanjani, wifi aliuliza mara moja tu: "Wifi, ile senta una uhakika?"

"Karatasi ndiyo imesema," Karani akamjibu.

Wifi hakuitwa tena timu ya taifa.

Jumanne Karani alikaa na ile karatasi kitandani. Akafikiria kuichoma, lakini jiko lilikuwa na maharage ya watu wawili. Akafikiria kuipiga tiki iliyokosekana. Mkono ukashika kalamu, wino ukagoma, akaona hata kalamu ina haya kuliko yeye. Jumatano asubuhi akatoka nayo ndani ya khanga, bado hajakata shauri. Nusu ya roho yake ilikuwa inasema, acha, mtu keshazoea.

Ndipo akamwona wifi akinyanyuka.

Alikuwa amemaliza kukata pindo, kimebaki kipande cha kitambaa kama kidole. Kapu la taka lilikuwa hatua tano kutoka mashineni. Wifi akajishika nyonga, akasimama kwa awamu, akaenda polepole mpaka kwenye kapu, akainama, akakiweka. Akarudi polepole. Karani alikuwa ameuona mwendo huo kila siku, mara ishirini kwa siku, na kila mara macho yake yaliupita. Miaka thelathini na minane mwanamke yule hajarusha kitu. Sabuni anakuletea mkononi. Funguo anakuletea mkononi. Kipande cha uzi anakisindikiza mpaka kapuni kama mgeni wa heshima.

"Wifi, zima hiyo mashine."

"Inazimwaje, na ni ya mguu?"

"Basi pumzisha mguu." Akaiweka karatasi juu ya sketi. "Soma."

"Sina miwani."

"Iko kichwani kwako."

Wifi akaishusha. Karatasi za mechi alizijua vizuri. Kidole chake kikateremka mstari kwa mstari, yetu, yao, yetu, yao, kikafika karibu na mwisho, kikasimama.

"Hapa pana tundu."

"Nilipiga kigelegele."

"Cha nani?"

"Chako. Cha goli la arobaini na moja. Nikasahau kama niko mezani."

Nje mtu alipita anaburuta mkokoteni. Wifi akangoja upite.

"Ulijua lini?"

"Kwenye basi, tunarudi. Nilikuwa nanakili."

"Kwenye basi. Mimi nilikuwa kiti cha mbele yako."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nalia."

"Ndiyo. Nilikupa kitambaa."

"Ulinipa kitambaa!" Akacheka kicheko kimoja, kikavu, kisicho na mwenzake. "Unajua kwamba ninacho mpaka leo? Nilisema, dunia nzima imenigeuka, wifi yangu kanipa kitambaa."

Karani akaketi kwenye kigoda.

Hodi ikapigwa. Katibu akaingia, akaanza kusalimia, akaona nyuso, salamu ikakatika katikati.

"Mwanangu, umefika wakati mzuri," wifi alisema. "Simama hapo katikati ya chumba. Umecheza, si ndiyo? Mwamuzi akipotewa zamu, anaiuliza nini meza?"

"Anauliza... senta ya nani."

"Basi muulize huyo."

Katibu akamgeukia Karani. "Mama... senta ya nani?"

"Yetu," Karani alisema chini chini.

"Sauti," wifi alisema. "Uwanja umejaa watu."

"Yetu! Ilikuwa yetu!"

Wifi akaikunja karatasi, akampa Katibu, mkono kwa mkono.

"Andika kwamba tulifungwa goli moja, na meza ilikosea senta. Na mimi niliukosa mpira, hilo usilifute, niliukosa kweli. Ila yafuate zamu. Kwanza senta, halafu goli."

"Na jina la karani... niliweke?"

Wifi alimtazama mke wa marehemu kaka yake kwa muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa asichokuwa na hakika kitamtosha nani.

"Andika meza," alisema. "Meza haina uso."

Mbao zilichongwa hivyo, na ukumbi ukafunguliwa. Wifi alikwenda, akakaa mstari wa mbele, wasichana wa timu wakamwamkia mmoja mmoja. Karani alibaki nyumbani. Hakuna aliyemkataza. Hakuna aliyemwambia twende pia.

Sufuria bado ni moja, na mashine bado inalia dirishani. Lakini wifi hasemi tena "wifi". Anasema, "Karani, chai imepoa," "Karani, nani kachukua mkasi wangu?" kama mtaa mzima. Na vipande vya kitambaa siku hizi havisindikizi tena mpaka kapuni. Anavikunja, anavirusha palepale alipokaa, mkono juu, kifundo kimelegea, kama zamani. Vingi vinaingia. Vinavyogusa ukingo na kutoka anaviacha palepale sakafuni, na Karani, na magoti yake yale, ndiye anayeinama kuviokota.