Fagio Wodini

Nesi alikuwa ameshachovya pamba kwenye spiriti, sindano ya penisilini mkononi, Fagio alipoingia wodini na kuinua macho kwenye skrini iliyo juu ya kitanda cha mama yake. Jina lilikuwa la mama. Chini yake paliandikwa: Hana mzio.

"Usimchome," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha. "Mama akichomwa penisilini koo linavimba. Mara ya mwisho nusura tumzike. Nani kaandika upuuzi huu?"

"Taratibu, dada. Asubuhi mwenzangu wa zamu aliandika humu mizio ya wagonjwa wote. Tazama."

Nesi akafungua upya taarifa za mama, na onyo likatokea, jekundu. Akafungua za mgonjwa wa kitanda cha pili, kwenye skrini ya kitanda hicho. Papo hapo, kwenye skrini ya mama, onyo likafutika, likawa: Hana mzio.

Fagio akaelewa. Programu ile aliiandika yeye, kwa lugha ya C, na jana tu alikuwa ameifanyia usafi. Kazini walimpachika jina la Fagio kwa kuwa hawezi kuvumilia kumbukumbu ya kompyuta iliyochukuliwa isirudishwe. Humo mna fanksheni, yaani kipande cha programu, inayoomba nafasi kwenye kumbukumbu, inaandika onyo la mgonjwa, kisha inaikabidhi skrini anwani ya nafasi hiyo. Nafasi ilipaswa kuachiliwa kwa matumizi mengine baadaye, skrini ikishamaliza kusoma. Fagio, kwa kiherehere chake, akaongeza mstari wa kuiachilia mlemle ndani ya fanksheni, kabla ya kukabidhi. Alijaribu kwa mgonjwa mmoja, mambo yakaenda sawa, akapigiwa makofi. Sasa mgonjwa wa pili alikuwa amepewa nafasi ileile, na maandishi yake, Hana mzio, yameandikwa juu ya onyo la mama.

"Zima skrini hizi," alisema. "Kosa ni langu."

Nesi akaiweka sindano chini polepole. "Za wodi hii? Dada, ziko jengo zima."

Fagio akatoa simu kupiga kazini. Mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa akiwatambia wagonjwa wenzake kwamba skrini hizo ni kazi ya binti yake, akageuza shingo kwenye mto.

"Huyu hata nyumbani," alisema kwa mapenzi, "alikuwa anatuondolea sahani bado tunatafuna."

Nesi hakumsikia. Alikuwa ameshatoka mbio kuelekea wodi ya jirani.