Sisimizi Kwenye Utosi

…na akiulizwa tena atasema maji, hana njia nyingine, neno lilishamtoka miaka tisa iliyopita na sasa limekaa ndani ya kitabu cha ubatizo kwa wino, na wino wa parokia si chaki kwamba utaufuta kwa kiganja, Anonciata akasogea kwenye benchi ili Mukantabana jirani yake apate pa kuweka kikapu, akasema asante bila kujua anashukuru nini, maana masikio yake yote mawili yalikuwa dirishani, lile dirisha la ofisi ya Padre lenye wavu uliotoboka, na humo ndani alikuwa Placidia wake, mtoto wa miaka tisa, amesimamishwa mbele ya Padre Kashaija anaulizwa maswali ya Komunyo ya Kwanza, kesho Jumapili wanapokea, gauni jeupe limekunjwa chini ya godoro lijinyooshe, viatu wameazimwa kwa watu wa Omurushaka, jogoo kafungwa mguu tangu jana, kila kitu tayari isipokuwa yeye mama mtu… na desturi ya Padre huyu ni hiyo, mtoto kwanza, halafu mzazi naye anaitwa, anataka kujua nyumbani mnasali nini, nani anamfundisha mtoto, mtoto kabatizwa wapi na nani, anafungua lile likitabu lake, anaweka kidole kwenye jina, anakutazama, na Anonciata alishajiona akitazamwa tangu wiki iliyopita, akipalilia anatazamwa, akianika kahawa anatazamwa, Mukantabana akamwuliza mbona unatoka jasho mwenzangu, jua lenyewe liko wapi, akajibu ni huu mlima wa kutoka Nkwenda, mlima, mlima gani, wameshakaa hapo saa nzima.

Kumfundisha, hilo halimtishi, aulizwe hilo ataweka mkono kifuani, kamfundisha yeye, kwenye mafiga, kama alivyofundishwa na mama yake Nyirabahire katika kibanda cha vibarua walipoingia nchi hii na godoro moja na picha ya Bikira Maria iliyokatika pembe, wakati wa kumenya ndizi ndiyo wakati wa sala, ndizi moja Salamu Maria moja, ndizi kumi fungu moja la rozari, siku ya wageni rozari nzima inaisha kabla chungu hakijapanda jikoni, na Placidia alianza na kisu butu akiwa na miaka minne, utomvu mpaka kwenye viwiko, Salamu Maria, umejaa neema, ngoja kwanza mama hii imegoma… Projest baba yake alikuwa akirudi shamba anawasikia tangu kwenye migomba, anaitikia kutoka huko huko nje akiosha jembe, huyo naye hana makuu, ukimwambia sali anasali, ukimwambia kula anakula… basi mtoto anajua Nasadiki mwanzo mpaka mwisho, anajua Amri, anajua sala ya kutubu kuliko hata Katekista Desderius anayeiruka mstari, mtoto anajua kila kitu, kasoro moja tu, hajabatizwa, na asiyebatizwa hapokei, hilo kila mtu analijua, kesho Placidia atatoa ulimi kupokea kitu kitakatifu ambacho hana haki nacho na kosa halitakuwa lake, litakuwa la mama aliyekaa benchi la tatu na kitenge kipya akiimba kuliko wote, ee Mungu wangu.

Maana ilikuwa juisi, juisi ya ndizi, na hata ingekuwa tone moja la umande angelala usingizi miaka yote hii… mwaka ule wa sabini na nane Placidia alikuwa na mwezi mmoja, ubatizo umepangwa Jumapili, Projest alishakanyaga ndizi mbivu kwa nyasi kwenye mtumbwi wa mbao, juisi imechujwa, imebaki ichachuke iwe rubisi, pombe ya wageni, mara mizinga ikaanza kulia kule ng'ambo ya mto, Uganda, kwanza mtu unasema radi, halafu radi gani hii isiyo na wingu, na asubuhi njia nzima ilikuwa watu, mbuzi, magodoro, vikongwe kwenye baiskeli, nao wakafunga vyao kuelekea kwa ndugu huko Ndama, Projest mbele na mbuzi na dumu la maji, Anonciata nyuma na mtoto mgongoni, na mama mkwe, Kokushubira, aliyekataa kata kata kuacha kibuyu chake cha juisi, akasema vita ni vita lakini mjukuu wangu atabatizwa huko tuendako na watu watakunywa, akakibeba mwenyewe kichwani, mzee wa watu, mpaka miguu ikamkatalia katikati ya nyika, hakuna nyumba wala mgomba, akajilaza chini ya kichaka na kujifunika kanga usoni… na hapo ndipo mtoto akakamaa. Macho juu. Povu. Degedege. Alikuwa wa moto kuliko chungu na Projest haonekani, katoweka nyuma ya kilima na maji yote, Anonciata akamwita mpaka sauti ikakatika, mama mkwe hakutikisika, kalala, Anonciata akajisemea huyu anakufa, anakufa mpagani mikononi mwangu, mkono ukaona kibuyu, mkono haukuuliza, ukachomoa kizibo ukamwaga kwenye utosi, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, yote kayasema, sawasawa, kama alivyofundishwa, hata moja halikupungua, ndipo ule utamu ukampanda puani.

Akaganda. Akamlaza mtoto kwenye majani ajaribu kufikiri, na sisimizi wakaja, mstari mmoja, wametoka wapi Mungu ndiye ajuaye, wakapanda kwenye kile kiutosi kinachodunda, akawa anawapangusa kwa kidole akilia, mmoja mmoja, na mtoto akalegea taratibu, akapumua, akatafuta titi… saa nzima baadaye wakakuta kijito, maji meupe kabisa yanapita kwenye mawe, na hapo hapo angeweza kumaliza, kiganja kimoja tu, lakini katekisimu aliyomezeshwa na mama yake ikamkamata mkono, ubatizo haurudiwi, anayeurudia anatenda dhambi, ndivyo alivyokariri, akajiuliza, je, kama ule ulishika, kama Mungu aliutazama moyo akaiacha juisi, si nitakuwa nimemkufuru, akanawa uso yeye mwenyewe, akamvusha mtoto mkavu. Angekuwa mjinga kidogo tu angembatiza pale na shughuli ingekwisha. Kujua nusu ni balaa.

Na mbele ya Padre, vita vilipokwisha, walipompeleka mtoto apakwe mafuta na kuandikwa, padre wa wakati ule aliuliza kwa upole kabisa, ulitumia maji, mama, na pembeni yake kasimama Kokushubira, huyo huyo ambaye tangu siku ya harusi hakuwahi kumwita kwa jina, alikuwa akisema yule wa Projest, akikasirika anasema huyo mtoto wa wapita njia, lakini baada ya ile nyika alimwambia kila aliyepita kwamba mtoto huyu kaokolewa na imani ya mama yake, na kule Ndama usiku wa kwanza alimpa kipande cha ndizi cha kwanza kutoka kwenye chungu na kumwambia kula, mwanangu, mwanangu, neno hilo Anonciata alikuwa amelingoja miaka mitatu kama mtu anayengoja mvua, sasa mtu akuulize ulitumia maji na huyo mama kasimama hapo, wewe useme nini, useme hapana nilimmwagia pombe changa, urudi kuwa yule wa Projest… akasema maji. Ndiyo Padre, maji. Na Kokushubira akatikisa kichwa, ndiyo, na Padre akaandika.

Na ungamo, kila Pasaka na kila Noeli anaungama, nilimtukana jirani, mbuzi wake waliingia shambani, niliona wivu, nilisinzia kwenye Misa, hilo moja linafika kooni linarudi, mficha uchi hazai, ndiyo, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na mama mkwe kama Kokushubira, na yule mzee kafa mwaka juzi, kazikwa vizuri, na bado ameshindwa, maana sasa si aibu tu, sasa ni kwamba alimwita mwanangu kwa jambo ambalo halikuwapo, na kaburi haliwezi kumsamehe mtu… Mukantabana akasema sikiliza, huyo si wako, kumbe ana sauti kali, atakuwa mwalimu, na Anonciata akasikiliza, Padre anauliza sakramenti ni ngapi, saba, zitaje, akazitaja, vizuri, na nani anaruhusiwa kumbatiza mtu anayekaribia kufa kama padre hayupo, mtu yeyote, Padre, kwa kutumia nini, maji, Padre, na Anonciata akafumba macho maana hilo ndilo swali lake, limeanzia kwa mtoto, litatoka mlangoni limfuate, atasema maji, atasema maji na baada ya hapo hatasogea tena mezani pa Bwana maisha yake yote, hilo ndilo litakuwa malipo, mtoto apokee yeye asipokee, au anyanyuke sasa hivi, agonge, aseme Padre samahani, miguu ikajaribu, ikakataa kama ilivyomkatalia yule mzee, halafu ikaja sauti ya Placidia kutoka humo ndani, haikutetemeka.

"Padre, lakini mimi sikubatizwa kwa maji. Mimi nilimwagiwa juisi ya ndizi."

Anonciata akashika ukingo wa benchi, hakusikia Padre aliuliza nini, alisikia tu jibu, Bibi ndiye aliyeniambia, Bibi Kokushubira, tulipokuwa tunachambua maharage, alisema alikuwa amejifunika kanga lakini hakuwa amelala, alikuwa anasali, miguu tu ndiyo ilikuwa imekufa, akasikia kizibo cha kibuyu chake, na alipokiinua jioni akakikuta chepesi… kibuyu chake, jamani, kibuyu chake, ni kweli, nani asiyejua kilichomo kwenye kibuyu alichokibeba kichwani tangu alfajiri, miaka tisa Anonciata hakuwahi kulifikiria hilo hata siku moja, mwenye kibuyu alijua, alijua siku ile ile, alijua usiku ule wa Ndama alipomkatia ndizi na kusema kula, mwanangu, alijua pale kwa Padre alipotikisa kichwa, mzee mwongo yule, mzee mtamu, akamwachia uongo wake kama mtu anavyomwachia mtoto shuka lake lililochakaa, kwa hiyo ile mwanangu haikuwa ya maji wala ya muujiza, ilikuwa ya mkono uliochomoa kile kizibo, ilikuwa yake kweli kweli… na huko ndani mtoto bado anaendelea, Bibi alisema nisimwulize mama, nimwache, lakini siku ya Komunyo ni lazima nimwambie Padre ukweli maana hiki si kitu cha kupokea kwa kuficha, na alisema mama maneno aliyasema yote, hata moja halikupungua.

Kiti kikalia, Padre kainuka au kacheka, labda vyote viwili, na Anonciata akakiacha kilio kimtoke maana kilikuwa njiani tangu mwaka ule, akasikia sauti nzito ya Padre Kashaija kwa taratibu, ikipita kwenye tundu la wavu.

"Basi maneno mama yako alikuwa nayo. Kesho kabla ya Misa tutaongeza maji."

Tutaongeza maji. Hivyo tu. Kama mtu anavyosema juu ya maharage jikoni, kumbe jambo lililomla miaka tisa lilikuwa linangoja kata moja, na kata ipo hapo nyuma kwenye pipa la mvua, kaiona wakati wanaingia, na anayempelekea mtoto wake hiyo kata ni marehemu Kokushubira na mtoto mwenyewe, si yeye aliyemmenyea ndizi zote hizo… ala, si yeye, ni nani basi, huo ujasiri wa kusimama mbele ya Padre bila kutetemeka mtoto kautoa wapi kama si kwenye yale mafiga, huyo bibi kampa ukweli lakini ulimi wa kuusemea alishaupata, kidogo kwa huyu kidogo kwa yule, ndivyo wanavyolelewa, hakuna anayejaza chungu peke yake, na sasa akiitwa ataingia, atasema mwenyewe yote kwa mdomo wake, kibuyu, sisimizi, kijito, ataungama na lile la kusema maji, ataliungama kwanza kabisa kabla ya mbuzi wa jirani, na akitoka atapita kaburini kwa yule mzee amgombeze kidogo, lazima amgombeze, miaka yote hii mama unaniacha naungua, ungenitupia neno moja tu… lakini labda alikuwa anangoja nimwambie, labda siku zote tulizochambua maharage kimya alikuwa ananipa nafasi, nami nasema maharage ya mwaka huu yana wadudu, mama, naye anasema ndiyo, mwanangu, yana wadudu.

Mlango ulikuwa bado umefungwa, kikapu cha Mukantabana bado kiko pale pale katikati yao, jogoo wa mapadre anatembea uani kama kawaida, na Mukantabana alikuwa amemgeukia, anamtazama machozi kwa huruma, akidhani mambo yameharibika huko ndani, akamshika goti akauliza kwa sauti ya chini vipi, mtoto kashindwa, na Anonciata akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akagundua anacheka.

"Kajibu yote," akasema. "Kajibu mpaka langu."