Reli za Rafu ya Riziki

Twalibu alishapiga randa, alishapiga msasa, vanishi ilishakauka, na meza ya kusomea ya binti yake Riziki ilikuwa imesimama uani kwake, mtaa wa Mwembesongo, ikingoja reli mbili tu. Reli za ile rafu ya chini ya meza, ya kuvuta na kurudisha, ya kuwekea kompyuta. Kitu kidogo kiasi hicho, na ndicho kilichomkalia kooni.

Wala si kwamba reli hazikuwepo madukani. Zilikuwepo tele. Tatizo lilikuwa na jina, nalo ni Mwinjuma, kaka wa mkewe. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Mjomba alisema Riziki aende chuo cha Mzumbe, akaomba Mzumbe. Mjomba alisema uhasibu, ikawa uhasibu. Twalibu alikuwa mtu wa kuitikia sawa tangu mtoto hajaota meno. Safari hii alijiambia, meza ni yangu. Nitaipima mimi, nitaikata mimi, na mtoto akiegemeza mikono pale ajue ni kazi ya baba yake, si ya kikao cha ukoo. Hakuomba zaidi ya hapo.

Alipoingia dukani kwa Mwanahawa, muuza vifaa vya ujenzi, Mwinjuma alikuwa ameshafika kutoka mlimani, matope ya Matombo bado yako kwenye viatu. Nani alimwambia? Asia, bila shaka. Mkewe huyo hamfichi kaka yake jambo, hata bei ya nyanya.

"Shikamoo, shemeji," alisema Mwinjuma, maana kwa umri yeye ni mdogo, na shikamoo yake ilitoka kwa adabu zote. Kisha akamtoa Twalibu mkononi reli alizokuwa ndiyo kwanza amezichagua. "Hizi ndizo unazotaka? Mbona zimepauka?"

"Zina kufuli," alisema Twalibu. "Ukivuta rafu mpaka mwisho inakamata. Mtu anaandika, haitikisiki."

"Na hizi je?" Mwinjuma alikuwa ameshapata za kwake, zinang'aa, za kujifunga zenyewe polepole. Akazivuta, akaziachia, zikarudi kimyakimya, naye akatabasamu. "Ona hiyo. Hizi ni za ofisini."

"Hazikamati. Mtoto akiegemea, rafu inarudi ndani na kompyuta yake."

"Asiegemee."

Twalibu alimtazama. Mtu amekaa na vitabu kutwa, asiegemee.

"Shemeji, ukoo ndio utakaomsindikiza chuoni," Mwinjuma aliendelea kwa upole, na upole wake huo ndio uliokuwa ukimchemsha mwenzake. "Mama zake wadogo watavuta rafu ile. Ikilia kwarakwara nitaweka wapi uso?"

"Hizi nazo hazilii."

"Leo hazilii."

Mwanahawa alishusha pumzi. Alishafungua maboksi yote na wateja wengine walikuwa wamesimama mlangoni. "Manahodha wengi chombo huenda mrama," alisema. "Niambieni mnunuzi ni nani."

"Mimi," walisema wote wawili.

Hapo Twalibu alichoka. Alichoka kweli, akaona hata hamu ya meza yenyewe inamtoka, na neno sawa lilikuwa limeshafika mdomoni aliposikia simu yake ikiita. Alikuwa Sufiani, mume wa dada yake Mwanvita, fundi wa kuchomelea kule Dumila.

"Shemeji, kitanda cha mwanangu Pazi nimekimaliza," alisema Sufiani. "Imebaki rangi. Nimeshaikoroga ile ya kijani."

"Ya kijani usipake," alisema Twalibu hapo hapo, bila hata kufikiri. "Haimfai mpwa wangu. Ningoje Jumamosi nije nione."

"Sawa, shemeji," alisema Sufiani.

Ile sawa Twalibu aliijua. Aliijua ilikotoka na jinsi inavyomezwa kabla ya kutamkwa. Alipoinua macho, Mwinjuma alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umesema vizuri," alisema Mwinjuma. "Ukiwaachia hao akina baba, watampakia mtoto rangi ya trekta."

Aibu ilimpanda Twalibu mpaka masikioni. Alirudisha simu sikioni. "Sufiani, paka hiyo hiyo."

"Ipi, shemeji?"

"Ya kijani. Kitanda umekitengeneza wewe, paka unayoipenda."

"Nimekukosea jambo, shemeji?"

"Hujanikosea. Paka tu, ndugu yangu."

"Aa, hapana, shemeji." Sufiani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayepapasa gizani. "Kwa kuwa ulishasema Jumamosi, acha nikungoje. Itakuwa vizuri zaidi ukiwepo." Akaaga kwa heshima, akakata.

Twalibu alibaki ameishika simu. Miaka yote ile alidhani Sufiani anakubali.

"Basi, tumalize na letu," alisema Mwinjuma, akimsogezea Mwanahawa reli zinazong'aa.

Twalibu aliweka kiganja juu ya reli hizo, akazirudisha. Akachukua zile zilizopauka. "Nifungie hizi, mama."

"Shemeji," alisema Mwinjuma, na kwa mara ya kwanza sauti ilimpungua, "si tungengoja kwanza nikawaulize wazee wa ukoo nyumbani?"

"Ngoja wewe," alisema Twalibu. "Mimi ni baba yake, na nimeshangoja vya kutosha."