Majani Sebuleni kwa Mashimba

Jumamosi asubuhi Modesta alipanda majani ya kutambaa nyuma ya nyumba yake Ilemela, pale ambapo mvua ilikuwa inakokota udongo katikati ya mawe na kuupeleka barabarani. Alipewa na jirani yake Getruda, aliyemwambia kuwa hayakauki hata kiangazi, ila yana haraka.

Yalikuwa na haraka kweli. Kufikia jioni yalishafunika uwanja wote. Modesta alikaa kibarazani, akasimama, akakaa tena. Yakitembea yalitoa sauti kama ya mtu anayekunja magazeti, na hakuweza kutulia. Yalipofika kwenye ukuta wa shemeji yake, Mashimba, hayakuupanda wala hayakuuzunguka. Yalipita.

Ukuta huo Mashimba aliujenga juma lile lile walipomzika mdogo wake Yakobo, mume wa Modesta. Aliuingiza ndani ya kiwanja cha marehemu, kisha baadaye akajenga nyumba juu ya sehemu aliyoichukua. Modesta alipolalamika, wazee wa ukoo walimwambia asubiri. Alikuwa bado anasubiri.

Kulipokucha majani yalikuwa yamejaa sebuleni kwa Mashimba, chini ya makochi, mpaka katikati ya chumba. Hapo yalikoma, yamenyooka kama yaliyokatwa kwa panga. Suzana, mke wa Mashimba, aliyang'oa, yakarudi kabla hajapata pa kuyatupa. Akaamua awe anayafagia juu juu tu.

Mwenyekiti wa mtaa, mzee Chenge, aliitwa. Alivua viatu mlangoni, akaufuata ukingo wa majani kutoka dirishani hadi jikoni, akaguna.

"Mpaka wa Yakobo ni huu," alisema. "Hata mimi naukumbuka."

"Ndio huu," Mashimba alikubali, akimmiminia chai.

"Sasa, mzee?" Modesta aliuliza. Alikaribishwa kiti akakikataa.

"Sasa si nyumba imeshajengwa, mama."

Kiangazi kilipoingia, majani ya sebuleni yalianza kufifia, kwa kuwa hayapati umande. Modesta akawa anakwenda kuyamwagilia. Alipiga hodi, akapita na ndoo. Mashimba aliinua miguu ili maji yafike chini ya kochi, macho yake yakiwa kwenye televisheni.

"Pole na kazi, shemeji," alisema. "Ukitoka nifungie mlango."

Modesta aliufunga, akaenda kuchota maji mengine.