Kung'arisha Fremu

"Umefuta nini?" Dada mtu kashika kiuno mbele ya mdogo wake. "Hebu rudia, maana masikio yangu leo yamegoma."

"Namba. Namba ya fremu. Nimeshasema mara tatu!"

"Sema ya nne! Miaka mitatu umejifungia bandani kama kuku anayeatamia, kumbe unatotoa gari la wizi!"

"Si la wizi!"

"Nenda kamwambie mkaguzi, yule pale nje na mashahidi wake. Wiki nzima unajua, umekaa kimya!"

Kweli kijana alijua. Wiki iliyopita mkaguzi alikuja na kadi ya gari mkononi, akapiga magoti mbele ya kile kigari cha milango miwili, akamulika tochi, akapapasa kwa kidole. Kadi ina namba tisa. Chuma hakina hata moja, kinang'aa kama sahani ya mgeni. "Anayefuta namba ana lake jambo," akasema. Akatoa siku saba: fremu ikatwe vipande mbele ya mashahidi, iundwe nyingine, gari liandikishwe upya. La sivyo, linabebwa zima zima.

Sasa hiyo fremu, ule uti wa mgongo wa chuma, mwenzangu, ndiyo gari lenyewe. Bodi ya faiba ilikuja kwenye maboksi, kama kabati la kuunga mwenyewe. Injini ilitoka kwenye gari jingine lililokufa. Fremu peke yake ndiyo baba yao aliichomelea kwa mikono yake enzi za ujana, na namba akaigonga mwenyewe kwa nyundo, ile saba ya mwisho imelala upande kama mlevi.

Dada akashusha sauti. "Si uigonge tena? Vile vichuma vya namba bado vimo kwenye sanduku la baba."

"Mkaguzi keshapiga picha, dada. Nikigonga leo, kesho unaniletea chai rumande."

"Kwani ulikuwa unafikiria nini, kichwa maji wewe?"

"Kutu! Mimi niliona kutu tu. Nikapitisha grinda, ile mashine ya kusugua na kukata chuma."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia. Wote wawili wakanywea. Tangu kiharusi kimwangushe, baba alitoa maneno moja moja, kama bomba lililoziba. Kila asubuhi alikuwa na swali lile lile: gari limepita ukaguzi? Alitaka akalishwe kiti cha mbele, azungushwe mtaani mara moja tu kwenye kazi ya mikono yake.

"Njoo," sauti ikaita.

Kijana akafunua pazia.

"Ulisugua... mpaka pakawa peupe?"

"Ndiyo, baba."

"Hukuacha... hata chembe?"

"Hata chembe."

Kijana akasubiri tusi, na laiti angetukanwa.

"Ndivyo... nilivyokufundisha."

Kisha akageuzia uso ukutani.

Nje mkaguzi akagonga dirisha. "Fundi! Saa nne hiyo!"

Dada akaokota grinda sakafuni, akauzungusha waya wake vizuri, akamkabidhi mdogo wake bila kumwangalia. Grinda ile ile iliyofuta namba, sasa ya kukatia fremu.

"Mfunike baba shuka," kijana akasema. "Mpaka masikioni."

Akatoka. Akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukabana, japo alijua fika kwamba mbao hazijawahi kuzuia mlio wa chuma.