Mpiga Gitaa wa Nyuma ya Matete

Eufrasia binti Donati alikuwa ametangazwa kanisani mara mbili kwamba ataolewa, na ilibaki Jumapili moja tu. Kwa desturi ya nyumba yao pale Ifakara, binti aliyekwisha kutangazwa hakutoka nje ila kwenda misani, amejitanda kanga hadi machoni, shangazi akimtangulia. Siku nyingine zote alikaa katika chumba cha uani, akisuka mkeka wa ukindu na kufundishwa na shangazi yake, Yosefina, namna ya kupika, kunyamaza na kuvumilia. Chumba kilikuwa na tundu moja ukutani, upana wa kiganja. Lilitoa moshi nje na kuingiza sauti za mji ndani.

Ni sauti za mji huo zilizomfikisha humo.

Mwaka huo, 1956, mpunga ulikuwa umekubali, na kila Jumamosi saa tisa mchana palipigwa dansi katika uwanja uliozungushiwa ua wa matete karibu na soko. Wasichana wa nyumba za dini hawakuruhusiwa kuingia. Walisimama nje wameegemea matete, kila mmoja na ndoo ya maji kama kisingizio, wakasikiliza hadi maji yakapata joto.

Wenzake walikwenda kusikia furaha ya watu. Eufrasia alikwenda kuchagua. Tarumbeta lilimchosha, kwa sababu lilisema yote kwa mara moja. Kodiani aliiona kama mtu anayelia huku anakula. Santuri za dukani kwa Mhindi alizisikiliza kwa adabu, lakini hazikumkaa moyoni. Alichokipenda ni gitaa, tena si gitaa la kila mtu. Alipenda mkono mmoja tu, ambao kabla ya ubeti wa mwisho ulingoja kidogo, kama mtu anayevuka kijito akitafuta jiwe la kukanyaga, kisha ukakanyaga mahali penyewe. Kila ulipongoja, Eufrasia naye alibana pumzi.

Dansi lilipokwisha, wapigaji walitokea mlango wa nyuma. Aliyetangulia alikuwa kijana mrefu mwenye suruali nyeupe, gitaa begani. Huyo ndiye Hermenegildi. Eufrasia aliunganisha mkono aliousikia na bega aliloliona, akaanza kumwandikia barua, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumwambia neno. Baba yake alikuwa amemwekea Kelestini wa Namawala, mtu wa mashamba mawili. Eufrasia alikataa chakula siku tatu.

"Basi," alisema Mzee Donati siku ya nne. "Huyo mpiga gitaa wako na alete wazee wake. Lakini ukinirudia hapa na machozi, usinitafute."

Jumatano ya juma la mwisho la matangazo, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, dansi lilipigwa tena. Hermenegildi hakuwapo mjini. Alikuwa amevuka mto tangu Jumatatu kwenda Mahenge kumleta mjomba wake kwa ajili ya arusi. Eufrasia alikuwa akisuka, hana habari na lolote, mara gitaa likaingia kwa tundu la ukutani. Lilikwenda, likakaribia ubeti wa mwisho, likangoja. Kisha likakanyaga.

Ukindu ulimponyoka mkononi.

"Shangazi, Hermenegildi amerudi."

"Amerudi kwa mabawa? Ijumaa ndiyo siku yake."

"Namsikia anapiga."

"Mwali husikia mengi," alisema Yosefina, akaendelea kupepeta mchele.

Jioni ile Klementina alileta maji. Alikuwa rafiki wa Eufrasia aliyeolewa mwaka uliotangulia, na sasa aliingia dansini na mumewe kwa mlango wa mbele.

"Klementina, leo gitaa alipiga nani?"

"Nani tena? Mzee Pantaleo."

"Pantaleo yupi?"

"Wangapi unaowajua? Yule fundi viatu, mwenye matende."

"Na Hermenegildi hupiga nini?"

"Manyanga." Klementina alitikisa mikono miwili hewani, *cha-cha-cha*. "Gitaa humbebea mzee tu, maana mguu ule na mzigo haviendi pamoja. We Eufrasia! Usiniambie kwamba miezi yote hii..." Akaanza kucheka. Aliendelea kucheka mpaka alipouona uso wa mwenzake, ndipo akaweka ndoo chini taratibu.

Kila aliyepita mlango wa mbele alijua. Waliokuwa nje ya matete ndio hawakujua, na haikuwajia fikira ya kuuliza. Eufrasia alimkumbuka Mzee Pantaleo vizuri. Alikuwa amempelekea ndara zake zishonwe mara mbili, akamwamkia, akaondoka bila kuitazama mikono yake.

Usiku huo alimweleza shangazi yote. Yosefina alisikiliza hadi mwisho.

"Sasa niende kwa kaka yangu nikamwambie nini? Kwamba mkwe ana vidole vibaya? Kijana halewi, hagombani, ana mpunga kule Michenga. Gitaa ni ubao na nyaya, mwanangu. Halimpikii mtu."

"Shangazi, mimi huyu simjui."

"Nani kati yetu aliyemjua wake?"

Yosefina akalaza mkeka wake mbele ya mlango, akajinyosha juu yake.

Ijumaa Hermenegildi alifika kumsalimu mwali. Desturi ilimruhusu kusema naye kwa nyuma ya ukuta, bila kuonana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sema yako, usikawie."

"Eufrasia, habari za ndani?"

"Hermenegildi, nani hupiga gitaa dansini?"

Kuku alipita akiita vifaranga.

"Mzee Pantaleo," alisema mwishowe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Barua yako ya kwanza ilisema, navipenda vidole vyako. Nikakaa nikavitazama. Hakuna mtu aliyewahi kuvisifu. Ningekujibu nini?"

"Kwamba si vyenyewe."

"Ningekukosa."

Hermenegildi akasema kwa haraka, "Lakini ninajifunza. Mzee ananifundisha tangu Pasaka. Nimekuja nalo, sikiliza."

Akapiga. Ulikuwa wimbo uleule. Kidole gumba kilitafuta waya wa chini, kikaupata, kikaupoteza. Alipiga kwa moyo wake wote, na Eufrasia alisikia moyo huo, tena alisikia kila kosa. Alipofika mahali pa kungoja, mkono haukungoja. Ulipotea. Eufrasia aliuma pindo la kanga ili asilie kwa sauti.

"Inatosha," alisema.

"Nipe mwaka mmoja. Nitakuwa kama yeye."

"Hermenegildi, mimi nilikosea, kosa ni langu. Nenda kwa katekista umwambie tusitangazwe."

"Niende mimi? Mjomba wangu, mtu mzima, ametelemka milima ya Mahenge kwa miguu. Mama amekwisha kutwanga mchele wa karamu. Niwaambie nimekataliwa kwa sababu ya manyanga?" Alilitupa gitaa begani, nyaya zikalia. "Siendi. Mimi ninakupenda. Kama wewe umempenda Mzee Pantaleo, kamwambie mkewe."

Hatua zake zikaondoka. Yosefina alikuwa amesikia yote. Alimwokotea ukindu na kumrudishia mkononi.

Usiku mzima Eufrasia alipitia vizuizi vya ndoa alivyofundishwa katika mafundisho: undugu, ndoa ya zamani, kiapo, kutishwa. Manyanga hayakuwamo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshinda njaa siku tatu ili afungiwe chumba hiki.

Jumamosi asubuhi shangazi alikwenda kisimani. Eufrasia alisogeza mkeka, akatoka. Hakujitanda. Wanawake waliokuwa wakitwanga uwanjani walimwona mwali akipita peke yake juani, na michi ikabaki hewani.

Katekista Dionisi alikuwa barazani akiandika matangazo ya kesho kwa mwandiko wake wa duara.

"Tumsifu Yesu Kristu."

"Milele amina. Binti Donati! Nani amekufa?"

"Hakuna, Mwalimu. Nimekuja kuuliza juu ya vizuizi. Je, mtu akikosea mtu?"

"Hicho kimo." Dionisi aliweka kalamu chini. "Ulidhani ni Hermenegildi, kumbe ni mwingine?"

"Ni yeye."

"Na uso ni huohuo?"

"Ni huohuo."

"Basi hukukosea mtu. Umekosea kazi yake." Alikwisha kusikia, Ifakara nzima ilikwisha kusikia. Hata hivyo hakucheka. "Lakini, binti yangu, vizuizi huwekwa kwa ajili ya watu wanaotaka kuoana. Wewe unataka?"

Eufrasia alitazama sakafu.

"Padre atakuuliza neno hilo altareni," alisema Dionisi, "na kule hatakujibia shangazi. Afadhali nikuulize mimi, hapa wanaposikia kuku tu."

Siku zote tatu alikuwa ametafuta sababu, na hakuna aliyemwambia kwamba sababu haikuhitajiwa. Sasa mlango ulikuwa wazi, naye aliogopa kuliko alipokuwa amefungiwa. Aliona vidole vya Hermenegildi, alivyovisifu kwa mwandiko wake mwenyewe, vikitafuta waya. Akamwona mjomba mtu mzima akipanda tena milima.

"Sitaki," alisema.

"Sijasikia."

"Sitaki, Mwalimu."

Dionisi alichukua rula, akapiga mstari mmoja juu ya majina mawili. "Kwa Hermenegildi nitakwenda mimi. Kwa baba yako utakwenda wewe."

Mzee Donati hakufoka. Alimsikiliza amesimama, akatikisa kichwa kama mtu anayehesabu mvua za mwaka mbaya. "Kesho utakwenda misani pamoja nasi," alisema. "Utakaa mbele, bila kujitanda. Ukisha kutoka, utakwenda shambani, na mji huu utakaa muda mrefu bila kukuona."

Jumapili kanisa lilijaa hadi milangoni. Katekista alisoma majina ya Tadei na Serafina, kwa mara ya kwanza. Akasoma majina ya Nikodemu na Digna, kwa mara ya pili. Kisha akakunja karatasi. Watu walikuwa wanangoja majina ya mara ya tatu, na yalipokosekana, vichwa viligeuka, kwanza vya wanawake, kisha vya wanaume. Eufrasia alikuwa benchi la mbele, shangazi kulia kwake, ukuta kushoto. Hakuwa na pa kujificha wala pa kupitia mpaka misa iishe.

Kwaya ikaanza, na watu wote wakaitikia. Eufrasia aliinamisha kichwa, akaitafuta sauti ya Hermenegildi upande wa wanaume, ajue kama anaimba au amenyamaza. Alisikiliza ubeti wa kwanza, akasikiliza wa pili. Sauti zilikuwa nyingi, na yake hakuijua.